Usiku Mmoja Kando ya Potomac: Baiskeli, Hema na Swali la Mama

Ukimwuliza Mswahili anayeishi hapa Maryland ni lini alipumzika mara ya mwisho, mara nyingi hatakutajia mwezi. Atakutajia mwaka aliokwenda nyumbani. "Mimi nilikwenda 2019, kabla ya korona," atasema, na hapo hesabu ya mapumziko yake inaishia. Siku nyingine zote ni kazi, barabara, kazi ya pili, simu za michango na usingizi wa vipande vipande.

Nasi tunaoandika makala haya tulikuwa hivyo hivyo. Tunasema "sisi" kwa desturi ya uandishi, lakini katika safari tunayoisimulia leo tulikuwa mtu mmoja, baiskeli moja na hema moja. Kazi yetu ni ya usiku, katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwa miaka sita tumekuwa tukilala mchana mapazia yakiwa yamefungwa, na kuamka jua likielekea kuzama.

Mwaka huu tulikuwa tumeweka akiba ya nauli ya kwenda Muheza, mkoani Tanga, kumwona mama yetu. Mwezi wa Agosti ndugu yetu mmoja akalazwa hospitali, akahitaji kufanyiwa upasuaji, na ile nauli ikaenda huko. Hatujutii, kwani ndivyo tulivyolelewa. Lakini likizo ilikuwa imekwisha kuombwa na kukubaliwa. Mwanzoni mwa Oktoba tukajikuta na siku kadhaa mkononi, bila tiketi na bila pa kwenda.

Ndipo tulipoukumbuka mto.

Mto Potomac unapita kati ya Maryland na Virginia, na tumeuvuka kwa gari mara zisizo na idadi, hasa tunapokwenda uwanja wa ndege wa Dulles kupokea wageni au kuwasindikiza wanaorudi nyumbani. Kwa miaka 11 hatukuwahi kushuka tukayagusa maji yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulikwisha kupewa siku nyingi. Tulichokuwa hatujafanya ni kulitazama shamba lenyewe.

NJIA YA NYUMBU

Kando ya mto huo kuna mfereji wa zamani uitwao Chesapeake and Ohio, ambao wenyeji huuita kwa kifupi C&O. Ulianza kuchimbwa tarehe 4 Julai 1828, siku ambayo Rais John Quincy Adams mwenyewe alishika sepetu. Nia ilikuwa kuunganisha mji wa Washington na mto Ohio, nyuma ya milima. Lakini siku hiyo hiyo, katika mji wa Baltimore, ulizinduliwa ujenzi wa reli. Reli ilifika Cumberland mwaka 1842, mfereji ukafika mwaka 1850, ukakomea hapo hapo. Urefu wake ni maili 184 na nusu, yaani karibu kilomita 297.

Mashua za mfereji huu zilibeba hasa makaa ya mawe, na hazikuwa na injini wala tanga. Zilivutwa kwa kamba na nyumbu wa kufugwa, yule mnyama azaliwaye na punda na farasi, ambao walitembea kwenye njia ya udongo iliyo kandokando ya maji. Mahali ambapo nchi inapanda, yalijengwa malango ya maji. Mashua iliingia katika chumba cha mawe, malango yakafungwa, maji yakajazwa, nayo ikainuliwa taratibu hadi usawa wa juu. Malango kama hayo yako 74 toka mwanzo hadi mwisho.

Mafuriko ya mwaka 1924 yalimaliza biashara hiyo. Serikali kuu ikaununua mfereji mwaka 1938. Baadaye ukatolewa mpango wa kupitisha barabara ya magari juu yake, na mwaka 1954 Jaji William O. Douglas wa Mahakama Kuu ya Marekani aliwaalika wahariri wa gazeti la Washington Post, lililounga mkono barabara hiyo, watembee naye kwa miguu njia yote ili waone kitakachopotea. Alitembea kweli, na barabara haikujengwa. Mwaka 1971 mfereji na njia yake vikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

Kwa hiyo njia ya nyumbu imebaki kuwa ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Kinachomhusu zaidi mtu wa kipato chetu ni kwamba kila baada ya maili kadhaa pana uwanja mdogo wa kulala, wenye meza, mahali pa kuwashia moto, choo na, katika miezi isiyo ya baridi, bomba la maji la kusukuma kwa mkono. Halipwi chochote. Anayewahi ndiye apatae, na sharti ni kulala usiku mmoja tu mahali pamoja.

MZIGO JUU YA KARIA

Baiskeli yetu tuliinunua kwa dola 60 katika duka la vitu vilivyokwisha kutumika. Hema tuliazima kwa jirani Mkenya ambaye watoto wake waliwahi kuwa skauti. Mfuko wa kulalia, jiko dogo la gesi, sufuria moja, tochi ya kuvaa kichwani, pampu na viraka ndivyo vilivyokuwa mali yetu yote. Chakula kilikuwa unga wa ugali, dagaa tuliowakaanga nyumbani, chapati tatu, majani ya chai na tangawizi.

Mzigo tuliufunga kwenye karia kwa vipande vya mpira vilivyokatwa kutoka tyubu kuukuu, na mikono yetu ikakumbuka kazi hiyo kabla ya akili. Marehemu baba yetu alikuwa na baiskeli aina ya Phoenix. Msimu wa machungwa alitoka nayo shamba na magunia mawili yaliyofungwa kwa mipira kama hiyo, akayasukuma hadi barabara kuu. Mara nyingine giza lilimkuta njiani, akalala kando ya mzigo wake hadi alfajiri. Kwetu sisi baiskeli ilikuwa ni karo, chumvi na mafuta ya taa. Hakuna aliyewahi kusema kwamba inaweza kuwa mapumziko.

Wapanda baiskeli wa Marekani wanayo desturi ya safari ndogo isiyofika saa 24: unatoka baada ya shughuli zako, unalala nje, unarudi kesho yake. Nasi tuliamua hivyo. Saa 6 mchana siku ya Jumanne tulifunga mlango, tukapanda treni ya Metro pale Silver Spring pamoja na baiskeli yetu, tukashuka Dupont Circle na kuteremka hadi Georgetown, ambako ndiko maili sifuri ya mfereji. Shabaha yetu ilikuwa uwanja wa kulala uitwao Horsepen Branch, maili 26 na ushee, karibu kilomita 42. Wakimbiaji wa marathoni hukimbia umbali huo kwa saa chache. Sisi tulijipa mchana mzima.

VIJANA WALIOTUTANGULIA

Lazima tuseme ukweli kuhusu jambo lililotutia wasiwasi kuliko nyoka. Ni rangi yetu. Mtu mweusi akiwa peke yake msituni jioni, kitu cha kwanza anachojiuliza ni jinsi mwingine atakavyomwona. Wasomaji wanakumbuka kisa cha Mei 2020 katika bustani ya Central Park, New York, pale mwanamke aliyeombwa amfunge mbwa wake kamba alipompigia polisi simu dhidi ya Mmarekani mweusi aliyekuwa akitazama ndege. Kisa hicho kilitukia mchana kweupe, katikati ya jiji. Je, usiku na porini?

Kabla ya kuondoka tulisoma kidogo historia ya njia hii, na tuliyoyakuta yalitupa nguvu. Serikali ilipoununua mfereji mwaka 1938 ulikuwa magofu. Kazi ya kuufufua ilipewa kambi mbili za Civilian Conservation Corps, mpango wa Rais Franklin Roosevelt wa kuwapa ajira vijana waliokosa kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Kambi hizo mbili, moja karibu na Carderock na nyingine Cabin John, zilikuwa za vijana Wamarekani weusi, kwani siku hizo hata kambi za kazi zilitengwa kwa rangi. Hadi 1942 vijana hao walizibua mfereji, wakatengeneza malango na kusawazisha njia katika maili 22 za mwanzo, toka Georgetown hadi Seneca. Mafuriko ya Oktoba mwaka huo huo yaliharibu sehemu kubwa ya kazi yao, lakini njia ilikuwa imeshafufuka.

Zaidi ya hapo, kulala nje na baiskeli si jambo geni kwa watu weusi wa nchi hii. Mwaka 1897, askari weusi 20 wa kikosi cha 25 cha jeshi la miguu, wakiongozwa na Luteni James Moss ambaye alikuwa mzungu, waliendesha baiskeli toka Fort Missoula, Montana, hadi St. Louis, Missouri. Zilikuwa maili zipatazo 1,900, katika matope na milima, kwa siku 41, huku wamefunga mahema na mablanketi yao juu ya baiskeli.

Basi tulipopita karibu na Carderock mnamo saa 9 alasiri, tukiteleza juu ya udongo mgumu na kivuli cha miti, tulipunguza mwendo. Wapita njia walikuwa wakitusalimia kwa kupunga mkono. Hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi.

PANCHA

Kwenye maporomoko ya Great Falls, maili ya 14, malango sita ya maji yamekaribiana kama ngazi. Hapo tulikula chapati moja tukisikiliza ngurumo ya mto. Kutoka hapo watu wakapungua. Kobe wa majini walikuwa wamejipanga juu ya magogo kama wasubirio basi, na korongo wa kijivu alisimama kimya katika mfereji akiwinda.

Mbele kidogo ya lango la Swains, tairi la nyuma likalegea. Pancha. Tulifungua gurudumu, tukatoa tyubu, tukaijaza upepo na kusikiliza, lakini tundu halikujulisha lilipo. Kwa baba ungeletewa karai la maji. Sisi tulikuwa na mfereji mzima. Tukaizamisha tyubu majini kipande kwa kipande, mpaka vijipovu vidogo vikapanda kutoka mahali pamoja. Miaka 11 tuko kando ya Potomac, na mara ya kwanza kuyagusa maji haya, au ya mfereji unaojazwa nayo, ilikuwa kwa sababu ya tundu la mwiba.

Tulikwangua, tukapaka gundi, tukangoja ikauke kama tulivyofundishwa, tukabandika kiraka. Ilituchukua nusu saa. Maili chache mbele, baada ya lango la Violettes, mfereji unakauka na miti mikubwa imeota ndani yake. Pale Seneca tulivuka juu ya daraja la mawe mekundu, mawe ya jamii ile ile yaliyojengea jumba maarufu la Smithsonian kule Washington. Saa 11 na nusu jioni tukafika Horsepen Branch. Uwanja ulikuwa mtupu: meza moja, choo, bomba, na mto unaong'aa nyuma ya miti.

BUNDI NA TAA

Tulisonga ugali wa ngumi mbili, tukala na dagaa, tukavifunga vyakula vilivyobaki na kuvitundika mbali na hema, kwani hapa kuna rakuni, mnyama mdogo mwenye uso kama aliyevaa kinyago, ambaye huiba kama paka wa sokoni. Jua lilizama kabla ya saa 1. Giza likashuka.

Watu wa kazi za usiku tunaujua usiku wa taa za umeme, kengele za wagonjwa na kahawa. Ule mwingine, usiku wenyewe, tulikuwa tumeusahau. Kwanza tulisikia vishindo. Moyo ulikwenda mbio mpaka tochi ilipomulika kulungu wawili wakichungulia, nao wakatimka. Kisha akalia bundi. Kwa wasomaji wetu wa nyumbani hatuna haja ya kueleza. Bundi akilia juu ya paa kwetu, mtu huamka akauliza nani mgonjwa katika ukoo. Hapa yuko bundi mwenye mabaka kifuani ambaye hulia kwa mapigo kama mtu anayeuliza swali, halafu mwenziwe anamjibu ng'ambo. Tulijisemea kwamba bundi wa Maryland hajui majina ya ukoo wetu. Hata hivyo tulivuta zipu ya hema hadi juu.

Saa 3 usiku tukaona taa. Ilikuja polepole kwenye njia, ikasimama, ikageuka kuelekea kwetu. Wapenzi wasomaji, hapo ndipo tulipoujua woga. Tulizima tochi, tukaiwasha tena. Tuliwaza: tukikaa kimya ataogopa akitukuta, na tukisema ataogopa pia. Mwisho tuliita, "Habari ya jioni! Tupo hapa." Sauti ya mzee ikajibu upesi, kama mtu aliyekuwa akiingoja, ikiomba radhi kwa kuchelewa na kuuliza kama tutaruhusu apige hema upande wa pili. Tulisema karibu. Alipiga hema lake mbali, bila kelele, na mara kukawa kimya. Hatukuonana nyuso usiku huo.

SIMU YA ALFAJIRI

Usingizi haukuja. Mwili uliozoea kufanya kazi saa hizo ulikuwa macho kabisa. Ilipofika saa 4 usiku, simu ikatetemeka. Kule Muheza ilikuwa saa 11 alfajiri, na mama yetu alikuwa ameamka. Mdogo wetu alikuwa amemwonyesha picha ya hema tuliyomtumia.

"Shikamoo mama," tulisema kwa sauti ya chini.

"Marahaba. Mdogo wako ananiambia uko porini. Umefukuzwa nyumba?"

"Hapana, mama. Nimekuja kupumzika tu."

"Porini?"

"Porini, mama. Na baiskeli."

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo tangu tulipofunga ule mzigo tulikuwa tukilikimbia. "Baba yako alilala porini na baiskeli ili nyinyi mlale ndani. Sasa wewe una nyumba, una kitanda. Huko porini unatafuta nini?"

Tulikuwa na majibu mengi. Tungeweza kumweleza habari ya mazoezi na shinikizo la damu, au habari ya hewa safi. Lakini gizani, peke yetu, hayo yote yalionekana maneno ya kununua. Kwa miaka 11 kila alipouliza hali tumemjibu kwamba hatujambo, kazi nzuri, baridi tu. Wasomaji wetu walio ughaibuni wanaijua sentensi hiyo, kwani wote tunaitumia. Usiku ule ilikataa kutoka.

"Nimechoka, mama," tulisema.

Simu ilikaa kimya hata tukadhani imekatika. Tulisikia jogoo akiwika nyuma yake.

"Pole, mwanangu," akasema. "Hukuwahi kuniambia."

Halafu, kama mtu anayefungua kasha la zamani, akatuambia jambo tusilolijua. "Baba yako naye, siku nyingine mzigo uliisha mapema na mwezi ulikuwa mkubwa, angeweza kufika nyumbani. Halali nyumbani. Anakuja asubuhi anacheka. Nikimwuliza kwa nini, ananiambia, 'Nilikuwa napumua, mke wangu.' Mimi nilikuwa namnunia. Siku hizi nadhani alisema kweli."

Hatukuwa na la kujibu. Mzee yule tuliyemjua kwa mgongo uliolowa jasho na magunia mawili, kumbe naye alikuwa na usiku wake ambao hakuutoa kwa karo wala kwa chumvi.

"Basi lala," mama akasema. "Funga mlango wa hilo turubai lako, lala."

Tulilala. Na hili tunaliandika kwa sababu ndilo kubwa zaidi: tulilala usiku, wakati wa usiku, toka saa 5 hadi alfajiri, bila dawa, bila pazia, juu ya ardhi ya nchi ambayo tumeifanyia kazi kwa miaka 11 na hatukuwahi hata siku moja kuilalia.

CHAI YA TANGAWIZI

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mto kama pamba. Jirani yetu wa usiku alitoka hemani, mzungu wa miaka ipatayo 70, mwembamba, mwenye magoti yaliyofungwa bandeji. Alikuwa ametoka Pittsburgh, kwani toka mwaka 2013 ipo njia kamili ya baiskeli inayotoka mji huo na kuungana na mfereji huu pale Cumberland. Tulimkaribisha chai ya tangawizi. Aliinywa, akakohoa, akaomba nyingine.

Kisha akatuambia bila kuulizwa: "Jana usiku nilipoona taa yako ikizima na kuwaka, nilitaka kugeuza. Niliogopa sana."

"Nasi tuliogopa," tukamjibu. "Pengine sisi tulikuwa na sababu zaidi."

Alitutazama, akaelewa, akaitikia kwa kichwa. Hakujitetea. Tukamaliza chai, akatusaidia kukunja hema.

Saa 1 na nusu tukaanza kurudi. Ndege kubwa ikapaa upande wa Virginia, ikitokea Dulles. Kwa kawaida tukiona ndege pale tunahesabu: miezi mingapi, dola ngapi, mpaka zamu yetu. Asubuhi ile tuliitazama mpaka ikapotea, tukakanyaga pedali. Kiraka kilishika mpaka mwisho. Dakika chache kabla ya saa 6 mchana tulikuwa mlangoni kwetu, tukinuka moshi.

KWA ANAYETAKA KUJARIBU

Hatusemi kwamba usiku mmoja unatibu uchovu wa miaka. Juma lililofuata tulirudi zamu, na mapazia yakafungwa tena mchana. Safari ya Muheza tunaidai bado, na panapo majaaliwa tutakwenda. Tunalosema ni kwamba tulikuwa tumeyaweka mapumziko yetu yote katika tiketi moja, na tiketi ilipokwenda, tulidhani mapumziko nayo yamekwenda. Kumbe mengine yalikuwa mwendo wa mchana mmoja toka mlangoni. Safari nzima, chakula na nauli ya treni, haikutugharimu hata dola 15.

Kwa msomaji anayetaka kujaribu, popote alipo, haya ndiyo tuliyojifunza. Chagua mahali palipo halali kulala, kwani amani ya kujua kwamba una haki ya kuwapo ni nusu ya usingizi. Kanuni hutofautiana toka nchi hadi nchi. Scotland, kwa mfano, sheria ya mwaka 2003 inaruhusu watu kupiga hema sehemu nyingi za wazi kwa adabu, ilhali sehemu kubwa ya England ni lazima umwombe mwenye ardhi. Mwambie mtu mmoja unakokwenda na saa utakayorudi. Usiende mbali mara ya kwanza. Kwa hapa Maryland, jikague kupe kila baada ya kupita nyasi, kwa sababu kupe wa huku huambukiza ugonjwa wa Lyme, na usiguse mmea wenye majani matatu matatu unaowasha. Chukua taa, viraka na maji ya akiba, kwani mabomba ya mfereji hufungwa wakati wa baridi. Nguo ya joto usiiache hata kama mchana ni jua kali.

Na simu, iwe na chaji. Si kwa ajili ya picha. Huenda kule nyumbani kuna mtu anaamka alfajiri, naye angependa kusikia jibu la kweli.

Mpaka tukutane tena, tunawatakia usiku mwema, na safari njema kwa watakaothubutu.